Raketi Isiyoomba Ruhusa

6 Februari

We mtoto,

Hivi wewe una bibi au una jirani wa zamani? Mvua zimekuja zimeondoka, mlango wangu nimeupaka rangi upya, na wewe hujakanyaga hapa. Kiti chako nimekifanya cha kuanikia soksi. Watu wakiniuliza, "Yule mjukuu wako wa dukani mzima?" nawajibu mzima, maana angekuwa amekufa wangemleta. Salamu za kwenye simu sizitaki. Simu unaikata nikianza kunoga. Barua utaisoma mpaka mwisho, upende usipende.

Anayeandika ni Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili. Unajua mimi shule niliiona kwa nje, nikipita na ndoo. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipindie maneno kama pindo la sketi. Akimaliza atanisomea, na nikikuta neno nisilolisema, chai hapati.

Haya. Unajua kwamba kila Alhamisi alasiri nakwenda ukumbini kucheza mpira wa meza. Ulicheka nilipokwambia mara ya kwanza, nikakusamehe. Miaka yote ile ya kukamua mashuka ya hospitali, mkono huu haukupewa hata siku moja kitu cha kuchezea. Sasa umepata. Nacheza na Sindano, nacheza na Breki, yule dereva mstaafu wa malori mwenye mdomo kuliko honi. Breki ananifunga, mimi namtukana, jioni inapita.

Mwezi uliopita niliteleza nikakaa chini. Nasema nikakaa. Baba yako anasema nilianguka, na habari hiyo ameitangaza kama mtu wa redio. Kifundo cha mguu kilivimba, kikanywea. Alhamisi nikarudi. Nafika mlangoni, msimamizi wa ukumbi ananyoosha mkono kama askari wa barabarani. "Bibi, mwanao amepita hapa. Amesema usicheze mpaka yeye atoe ruhusa."

Ruhusa! Mtu niliyemfundisha kuvaa kaptula, mguu mmoja kila tundu, leo ndiye wa kunipa ruhusa mimi! Nikamuuliza msimamizi, "Mwanangu akitaka kwenda chooni huwa anakuja kuniomba?" Akaangalia viatu vyake. Lakini mlango hakuniachia.

Sasa sikia. Kwenye meza ile nitarudi, na ruhusa ya mtu sitaibeba. Wala sitarudi na zile raketi za ukumbini, makopo matupu, raba zimebanduka kama godoro la mgonjwa. Nataka raketi yangu mwenyewe. Si ndiyo kazi yako hapo dukani, kuchagua ubao na kubandika raba? Basi nichagulie. Nataka ubao mkali, unaolia, mpira ukigusa Breki asikie masikioni.

Baba yako asijue. Ukimwambia nitajua tu, maana yule siri haimkai, inamtoka puani.

Bibi yako,
ambaye hakuanguka


15 Februari

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Nakuamkia kwa heshima zote, wewe na Fundi Sindano anayekusomea. Barua yako imenichapa, na nimechapika. Ningesema kazi ni nyingi, lakini utasema hata mochwari wana siku ya mapumziko, kwa hiyo naliacha.

Raketi, Bibi, watu huiona kitu kimoja. Ni vitu vitatu vinavyotakiwa kuelewana. Kwanza ubao wenyewe. Ni mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja, tano, wakati mwingine saba. Mti mgumu unarusha mpira kabla hujaujua; mti mlaini unaushika kidogo, kama mtu anayefikiria kabla ya kujibu. Halafu raba mbili, kila upande yake. Kuna zenye uso laini unaonata, hizo ndizo za kuuzungusha mpira. Kuna zenye vipele kwa nje, vifupi au virefu. Chini ya raba waweza kuweka sponji nene, nyembamba, au usiweke kabisa. Upande mmoja lazima uwe mweusi na mwingine wa rangi ya kung'aa, nyekundu kwa kawaida, ili mpinzani aone umepiga kwa upi. Hiyo ni sheria, si mapambo.

Kazi yangu ni kuoanisha. Ubao mkali ukiupa raba kali mkononi mwa mtu asiyeuzoea, kila mpira unatoka nje ya meza.

Kwa hiyo nijibu bila kukasirika. Unashikaje raketi? Unasimama karibu na meza au mbali? Huwa unashambulia au unarudisha? Na ule mguu, Bibi: ulikwenda hospitali, au uliufunga kitambaa ukatangaza umepona?

Mjukuu wako,
Mke Mwenza


20 Februari

Binti yangu,

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu zangu hupokei tangu siku ile uliponiambia kuhusu barua ya bibi yako. Najua kwa nini. Unajiona umemsaliti. Hujamsaliti. Umenisaidia nilale.

Wewe hukumwona. Mimi ndiye niliyemkuta sakafuni pale ukumbini, mguu umegeukia upande usio wake, na yeye anawacheka watu waliokuja kumwinua. Anacheka, na machozi yanamtoka. Nilimbeba mpaka kwenye gari, binti yangu. Ni mwepesi. Sikujua kwamba mama yangu amekuwa mwepesi hivyo. Safari hii ni kifundo. Nyingine itakuwa nyonga, na nyonga kwa umri ule unajua mwenyewe.

Nikimkataza tu, atacheza kwa kunikomoa. Kwa hiyo mpe raketi. Enzi zangu nilicheza, vitu hivi navijua. Chagua ubao mlaini kuliko wote ulionao. Upande mmoja bandika raba ya vipele virefu, bila sponji, ile isiyozalisha kitu. Upande wa pili bandika raba mfu yoyote. Atapiga, mpira hautakwenda, atachoka nayo, ataiweka kabatini kwa mkono wake. Hakuna atakayekuwa amemshinda.

Usimwambie.

Baba yako


27 Februari

Mke mwenzangu,

Maswali yako mengi kuliko ya polisi. Unauza raketi au unatafuta mwizi?

Nashikaje? Kama ninavyoshika mkono wa mtoto anayetaka kukimbilia barabarani. Nasimama wapi? Karibu. Nyuma kuna benchi, na nyuma ndiko nilikokaa chini. Nashambulia au narudisha? Nashambulia.

(Mimi Sindano: anarudisha. Kila kitu anarudisha. Juzi alirudisha hata mpira uliokuwa umeshatoka nje.)

Nimemwuliza ameandika nini hapo, anasema ni alama tu za kupumzikia. Sindano nitakuja kukunyoa wewe.

Mguu upo. Swali lingine?

Alhamisi nilikwenda tena ukumbini. Msimamizi akanipa kiti, akanipa maji, akaniuliza habari za watoto wote mmoja mmoja, halafu akasema, "Ruhusa bado, Bibi?" Nimekaa dirishani kwa nje nimewatazama wenzangu wakicheza, kama mtoto aliyekosa harusi. Hilo sitalisahau. Nimekaa nje ya dirisha la ukumbi ambao sakafu yake nimeipiga deki mimi, wakati huyo msimamizi hajaota meno.

Karatasi ya pili ni mkono wangu. Nimeulaza mezani, Sindano ameuzungushia chaki yake ya kushonea, halafu akapitishia kalamu. Kidole cha mwisho hakikukosewa. Kilipindwa na mashine ya kukamulia mashuka, nikiwa na mimba ya baba yako. Kwa hiyo mpini usiwe mnene upande huo, unanibana.

Ubao unaolia, nimesema. Usijisahaulishe.

Bibi yako
wa dirishani


11 Machi

Bibi,

Mzigo umekupata, naamini, na barua hii imo ndani yake.

Mkono wako niliuweka juu ya meza ya kazi nikauangalia muda mrefu. Mpini nimechagua ulionyooka, halafu pale kinapokaa kidole kilichopinda nimepiga msasa taratibu mpaka kidole changu mwenyewe, nilipokipinda kama chako, kikalala bila kubanwa.

Ubao si ule unaolia. Ni mlaini, wa mbao tano, mwepesi. Nimeona utamfaa mtu anayesimama karibu. Raba nyeusi ina vipele virefu na haina sponji chini yake. Nyekundu ni ya uso laini, imetulia. Gundi nimeipaka mara mbili, nikabana usiku kucha.

Usiihukumu siku ya kwanza. Na ile nyeusi, Bibi, iache ifanye kazi yake. Usiisaidie.

Salamu kwa Fundi. Nitakuja nikipata nafasi.

Mjukuu wako


27 Machi

Wewe!

Umenitumia mto. Niliomba ubao unaolia, nimeletewa kitu kinachonong'ona. Siku ya kwanza nilipiga kwa nguvu zangu zote, mpira ukaenda kama mtu anayekwenda kulipa faini. Siku ya pili hivyo hivyo. Nikasema hiki kitanifaa kupepea jiko la mkaa. Kidole tu ndicho kilichokuombea, maana tangu kipindwe hakijawahi kulala mahali pazuri hivyo. Nikakitazama pale kimelala, nikasema haya, naipa siku nyingine.

Utauliza nachezea wapi na mlango wa ukumbini umefungwa kwangu. Kwa Sindano. Ana ile meza ndefu ya kukatia vitambaa. Jioni tunaondoa mikasi, tunapanga makopo ya vifungo katikati, juu yake tunalaza jora la kitambaa cha suti. Hiyo ndiyo neti yetu. Ikiharibika suti ya mtu, mimi sikuwepo.

Sasa juzi akaja Breki. Amesikia nina raketi mpya, amekuja kunizomea. Akaanza na ule mpira wake anaoutegemea, unaojiviringisha kwa mbele kama tairi lililochomoka kwenye lori. Ukumbini ulikuwa unaniruka kifuani. Mimi mkono ulikuwa umechoka, nikaweka tu upande mweusi mbele, nikakaa kimya. Sikupiga. Sikufanya kitu. Mpira ukagusa, ukarudi polepole, Breki akausindilia, ukazama kwenye suti.

Akacheka. Akarudia kwa nguvu zaidi. Ukazama tena, na vibaya zaidi. Mara ya tatu akaitazama raketi yake kama mke aliyekutwa na barua.

"Mama, umeweka nini humo?"

"Mkono."

"Nionyeshe."

"Nunua wako."

Sindano alilazimika kukaa chini kwa kicheko, na yeye alikaa kweli, hakuanguka. Breki amenifuata mpaka mlangoni akitaka kujua. Jana karudi. Leo karudi. Hapati kitu. Kadiri anavyokasirika ndivyo anavyozidi kupiga nje.

Nieleze sasa, inafanyaje? Na kwa nini hukunieleza kwenye ile barua ya mzigo? Uliandika kama mtu anayepita kwa vidole kwenye nyumba yenye mgonjwa. Si desturi yako. Wewe ukijua kitu huwa unachosha watu nacho. Kuna jambo unalo, na mimi nipo hapa, sijahama.

Bibi yako


3 Aprili

Mjukuu,

Baba yako amekuja. Ametukuta kwa Sindano tumo kwenye mchezo. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake akaichukua raketi yangu mezani, akaigeuza huku na huku, akatabasamu. "Ahaa. Kumbe amenisikia. Hii ndiyo niliyomwambia akupe, Mama. Ya kukuchosha mapema." Halafu akasikia maneno yake mwenyewe, uso ukamshuka. Lakini yalikuwa yameshatoka.

Kwa hiyo nilikuchorea mkono wangu, na ninyi wawili mkaulaza mezani mkapima namna ya kuuchosha.

Kelele za baba yako nimezizoea, ni za tangu utotoni. Wewe ndiye sikukutegemea. Kama uliona nimezeeka, ungeniambia nimezeeka. Ningekutukana, tungekula, ungelala hapa. Siku nzima nimeiangalia raketi hii nisijue niitupe au nifanyeje. Kidole bado kinailalia, kijinga.

Baba yako nimemwambia Jumapili ijayo tukutane ukumbini, mimi na yeye, mbele ya msimamizi na yeyote mwenye macho. Anasema akinishinda niache kabisa. Sikumjibu. Nilimwambia avae viatu vya kuchezea.

Usitume raketi nyingine. Na usije.

Mama wa baba yako


7 Aprili

Kwa Bibi,

Umesema nisije. Hukusema nisiandike. Hii nimempa kondakta mkononi ili ikufikie kabla ya Jumapili.

Nilimwambia Baba, ndiyo. Uliniambia nisimwambie, nikamwambia wiki ile ile. Niliogopa. Nilikuona chini sakafuni ingawa sikuwepo, na kila nilipotaka kuja nilihofia kwamba utauona uoga usoni kwangu ukauita huruma. Ndiyo maana siji, Bibi. Si kazi.

Lakini nawe ujue lililobaki, maana hata Baba halijui. Aliniandikia nichague raba isiyozalisha kitu. Nikamtii neno kwa neno. Sikumweleza kwa nini haizalishi kitu: ni kwa sababu inamrudishia mtu chake. Vipele vile virefu havishiki mpira, vinalala. Breki anauviringisha mbele. Kwako haubadiliki, unarudi na mzunguko ule ule, na kwake sasa umekuwa wa kinyume. Anapopiga, unazama. Akiongeza nguvu, anaongeza kuzama. Enzi za Baba hawakucheza nazo. Aliziona dukani zimelala, akadhani zimekufa.

Utauliza kama nilijua. Nilijua itafanya hivyo mkononi mwa mtu asiyeukimbia mpira. Sikuwa na hakika kama bado ni wewe. Nikajiambia, kama Bibi amechoka, raketi itammalizia kuchoka, na Baba ana haki yake. Kama hajachoka, basi Baba atajijua. Nikawadanganya wote wawili kwa mzigo mmoja. Ningepaswa kukuuliza. Nilikuuliza kila kitu isipokuwa hilo.

Sasa Jumapili. Baba anapenda kuzungusha mpira, anajisikia nao. Mpe nyeusi. Lakini hakuna aliye mjinga katika ukoo huu, atashtuka. Akianza kukuletea mipira mitupu, isiyo na mzunguko, nyeusi haitakuwa na cha kumrudishia. Hapo ndipo nyekundu ingefanya kazi, na nyekundu niliyokubandikia ni mfu kweli. Kwenye nyekundu ndipo nilipokukosea hasa, hapo sikukuachia mlango.

Ule ubao unaolia ninao hapa, na raba kali za kuuoanisha. Sema neno moja, utapanda basi la kesho. Uchague wewe.

Mjukuu wako, kama bado


12 Aprili

Mke mwenzangu,

Ndiyo, jina nimekurudishia, lakini kwa majaribio.

Barua yako ilifika Jumamosi. Sindano akanisomea mara mbili, mara ya pili kwa sauti ndogo. Alipofika pale pa kudanganya wawili kwa mzigo mmoja nilitaka kukasirika, nikajikuta nacheka kama chizi. Huo ni ujanja wangu huo. Baba yako hana, ulimruka ukatua kwako. Na lile la uoga nimelisikia. Mtoto, uoga wako uje nao, tutaukalisha pale, tutaupa chai. Kujificha nao ndiko kulikonifanya nikutukane.

Jumapili sasa. Nimefika, msimamizi yuko mlangoni na uso wake wa pole. "Bibi, ruhusa—"

"Kaa pembeni, usije ukapigwa na mpira."

Nikapita. Alibaki na mkono wake hewani. Nyuma yangu Sindano na mkanda wake wa kupimia shingoni, nyuma yake Breki, aliyejiteua mwamuzi bila kuulizwa, nyuma yake nusu ya mtaa. Baba yako amevaa viatu vyeupe, ameleta raketi yake ya ujanani, ameipangusa mpaka inang'aa. Akaniinamia pale mezani. "Mama, nitacheza taratibu."

"Cheza unavyojua. Mimi si yai."

Akaanza taratibu. Nikampa nyeusi. Ukazama. Akatabasamu, akaongeza kuzungusha. Ukazama. Akavua shati la juu. Akaupiga mpira mmoja hapo, mwanangu, mpaka mguu wake ukaondoka sakafuni, mpira ukanigusa kwenye vipele ukarudi umelala kama paka, akaufuata kwa hasira, ukaingia neti na neti ikatingishika. Watu wakapiga kelele. Alikuwa anagombana na yeye mwenyewe, na yeye mwenyewe alikuwa anamshinda. Seti ya kwanza nikaichukua, na Breki akamwuliza kama angependa kupewa ruhusa ya kupumzika. Msimamizi akakohoa.

Seti ya pili akashtuka, kama ulivyosema. Akaacha kuzungusha. Akawa ananipa mipira mitupu, mkavu mmoja baada ya mwingine. Nyeusi ikakaa kimya. Nikageuza nyekundu, na nyekundu yako ile, Mungu anisamehe, ni kama kupigana na kitambaa cha vumbi. Akachukua seti.

Nikaenda kukaa kwenye benchi. Pumzi zilikuwa zinanipita. Akaja akachuchumaa, akakishika kifundo changu kwa mikono miwili, akakibonyeza kidogo kidogo kama anayetafuta embe bivu. "Mama, tuache. Umechoka."

Nikamtazama. Anaogopa huyu. Wiki zote hizi nilidhani anatawala, kumbe anaogopa. Nikamshika kichwa. Nikamwambia, "Nimechoka, ndiyo. Hata kukuzaa nilichoka. Kuna aliyenisimamisha katikati?"

Akanipa mkono nisimame. Mkono nikaukataa, nikasimama.

Ya tatu ilikuwa ndefu. Nilimnyima, akaninyima. Mpira mmoja niliufuata mpaka kona, watu wakashika midomo, mguu ukanishika vizuri nikabaki wima, nikasikia Sindano anashusha pumzi kama tairi. Mwisho akanifunga. Kwa mipira miwili tu, lakini akanifunga, na sitasema upepo.

Akazunguka meza, akanyoosha mkono, kwa upole kabisa, nimpe raketi.

Nikaiweka kwapani.

"Mama, nimeshinda."

"Umeshinda. Hongera. Alhamisi nitakuwa hapa."

"Si tulikubaliana?"

"Wewe ulikubaliana. Mimi nilikwambia uvae viatu."

Breki akapiga filimbi ambayo hana. Baba yako akawatazama watu wamsaidie, hakuna aliyejitolea. Msimamizi akajisogeza. "Sasa mzee, kuhusu ile ruhusa, niandike vipi?"

Baba yako hakumsikia. Alikuwa anaitazama raketi pale kwapani. Nilijua kinachomsumbua. Alishinda mchezo, lakini ile seti ya kwanza ilikuwa imemkwama kooni. "Mama," akasema, "ile mipira ya mwanzo. Inarudije vile?"

"Inarudi kama ulivyoileta."

Akakuna kichwa. Akaangalia mlango, akaangalia meza. "Alhamisi unaanza saa ngapi? Naomba na mimi nije. Seti tatu tu. Siwezi kulala hivi."

Nikamgeukia msimamizi. "Umesikia? Ruhusa imeombwa. Kaomba yeye. Nitamfikiria."

Mtaa mzima, mtoto. Mpaka msimamizi alicheka, na meno kumbe ameota.

Nyumbani nimemwambia lile la kwangu pia, hakuna watu. Nimemwambia nikikaa chini tena, siku moja nitakaa, aje aniinue bila kutangaza. Amekubali. Ametaka kunibeba hapo hapo kufanya mazoezi, nikamtupia kandambili.

Ubao unaolia usiutume. Muuzie mtu anayependa kelele. Huu wako mlaini uliutafuta ili unichoshe, au ili unipime, hilo malizana nalo mwenyewe. Mimi ninapoushika nashika kitu kinachoujua mkono wangu, kidole kwa kidole, na huo ndio ninaouchagua. Nyeusi inabaki. Nyekundu inaondoka.

Kwa hiyo ukija, na utakuja, njoo Alhamisi. Usipite nyumbani kwanza kunisafishia vyombo kujipendekeza, nyoosha moja kwa moja ukumbini. Lete raba nyekundu inayonata, yenye sponji ya heshima chini yake, na gundi yako. Utaibandua ile maiti kwa vidole vyako mbele ya watu, ubandike nyingine, na nitasimama juu yako mpaka ikauke. Halafu toa raketi yako mfukoni. Mimi nitasimama upande wa mlango. Wewe utasimama upande unaotazamana na dirisha, saa hizo jua linaingia moja kwa moja machoni, na usithubutu kuomba tubadilishane mpaka niseme inatosha.

Bibi yako